Dole Gumba la Mtoro

Batuli alikuwa amekaa mkekani nyuma ya nyumba, ungo mapajani, akichagua chuya na vijiwe kwenye mchele. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, siku ya tano tangu mumewe azikwe. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mikoko ya ng'ambo ya mto, nguo zilikuwa kambani, na kuku wawili walikuwa wakizunguka mkeka wakingoja chochote kitakachodondoka.

Kivuli cha mtu kikapita juu ya ungo. Batuli hakuinua macho. "Karibu," akasema, akidhani ni jirani kaja kuomba kaa la moto. Kivuli kikavuka mkeka, kikafika kwenye ukuta wa jiko na kujiegemeza hapo, bega moja limeshuka kidogo. Mwenye kivuli hakuonekana. Mkono wake mmoja ulikuwa na vidole vitano, wa pili ulikuwa na vinne.

"Kumbe ni wewe, Baba Ummy," Batuli akasema.

Kivuli hakikujibu. Mtoro mwenyewe katika uhai wake hakuwa mtu wa kujibu kabla ya chai. Batuli akamaliza mchele wake, kisha akainuka akaanua kanga mbili zilizokuwa karibu na jiko, kwa sababu zilikuwa zinakikata kivuli kiunoni, na yeye hakupenda kumwona mumewe amekatwa nusu.

Sasa, ili mambo yaeleweke, hatuna budi kurudi siku ya maziko. Msigini ni mji mdogo, uko pale ambapo mto Ruvu umeshachoka na unakaribia kuingia baharini. Una msikiti mmoja, kigango kimoja, mashine moja ya kukoboa mpunga, na bandari ya mitumbwi inayovusha watu na pikipiki zao. Alhamisi kuna gulio, mananasi ya Kiwangwa yanashushwa chini kwa mafungu. Viboko hula mpunga wa watu na watu huwatukana viboko. Wenyeji wengi ni Wakwere na Wazaramo, na zipo nyumba mbili tatu za Wanyamwezi ambao babu zao walifika pwani wamebeba mizigo ya watu vichwani, wakaona mto, wakakaa. Hao ndio watani.

Kazi ya mtani msibani ni kufanya ukorofi. Watu wamekaa wanalia, yeye anakuja kuiga jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma. Anaficha jeneza, anadai sanda, anakalia mlango. Chochote atakachokishika kinakuwa chake mpaka wenye msiba wamkomboe, na kumkomboa si kazi kubwa: kuku, kofia, hata muhogo mmoja. Akishapewa anaachia, na marehemu anakwenda na vitu vyake vyote.

Mtani wa Mtoro aliitwa Kulwa, fundi baiskeli pale bandarini, mzee mwenye meno machache na maneno mengi. Kwa miaka arobaini hao wawili walikuwa wakiitana watumwa na kunyang'anyana kofia njiani. Siku ya maziko, kaburi lilipokuwa tayari, Kulwa alishuka ndani, akalala kwenye mwanandani, akakunja mikono kifuani.

"Nyumba nzuri hii," akasema kutoka chini. "Mtumwa wangu hawezi kulala pazuri kuliko mie. Nipeni changu nitoke."

Watu wakacheka kidogo kama inavyotakiwa, wakamtazama Mikdad. Mikdad alikuwa mdogo wake Mtoro, baba mmoja mama mmoja, na ndiye mwenye msiba. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Chalinze, anakouza matairi kwa madereva wa malori, na kule barabarani kulikuwa na gari linamngoja, injini inaunguruma. Akatazama saa.

"Mtoeni huyo mzee. Tunachelewa."

Vijana wawili aliokuja nao wakamshika Kulwa makwapani wakamvuta juu. Hapo hakuna aliyecheka. Tangu Msigini iwe Msigini, mtani alikuwa hajawahi kutolewa kaburini kwa nguvu. Kulwa akajipangusa udongo kanzuni. Aliendelea na sauti ileile ya utani, maana mbele ya Mtoro hakuwa na sauti nyingine.

"Haya. Zikeni mwili wenu. Kivuli chake nimekichukua mie. Mkikitaka, mje mkikomboe."

Wakazika mwili. Kwa hiyo kivuli kilipotokea siku ya tano, hakuna mtu Msigini aliyeuliza kimetoka wapi. "Hakijakombolewa tu," wakaambiana, wakaendelea na kazi zao. Wapita njia walikitolea salamu. Kilifika asubuhi jua likichomoza, kikashinda kwenye jaruba kimeinama katikati ya mpunga, na magugu yaliyopitiwa na mikono yake yalionekana yamenyauka kesho yake. Adhuhuri kilikuwa kidogo, kama sinia, kikakaa chini ya mnazi. Alasiri kilirefuka tena, kikarudi ukutani. Siku za mawingu hakikuja, na Batuli siku hizo alikosa hamu ya kula.

Maana Batuli alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki uani, hajipambi, hapokei wanaume wasio maharimu wake. Alituma mtu kwa imamu kuuliza kama eda yake ni sahihi iwapo kivuli cha mume kinashinda nyumbani. Imamu akajibu kwamba aliyekufa amekufa, siku zihesabiwe tangu alipokufa, na kivuli hakimo kwenye hesabu.

Binti yao Ummy, aliyekuwa akiuza chakula barabarani kule Kerege, alikuja kila Jumamosi. Wiki ya pili alileta maneno ya Kulwa.

"Anasema mwambie mama yako, mke wangu niliyemrithi, sitaki makubwa. Kuku mmoja, hata mwenye jicho moja. Halafu mkombozi aende kaburini, amwage konzi ya udongo, aseme, Mtoro, chukua chako. Basi."

Batuli akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akachagua tetea mweusi, akamfunga kamba mguuni, tayari Ummy ampeleke Jumamosi inayofuata.

Mikdad akatangulia. Alikuja Ijumaa baada ya swala, na bahasha mkononi. Alikaa barazani kwa adabu, Batuli yuko ndani nyuma ya pazia, mlango wazi kati yao. Akasema kwamba kaka yake, miezi miwili kabla ya kufariki, alimkabidhi yeye kiwanja hiki chote: nyumba, majaruba mawili, minazi sita, mpaka mtoni, na vyote vilivyomo. Na yeye amekwisha kukiuza kwa Bwana Clever wa Dar es Salaam, mtu muungwana sana, anayetaka kujenga bustani ya harusi ukingoni mwa mto. Akapitisha karatasi chini ya pazia.

Batuli aliisoma mpaka chini. Pale mwisho palikuwa na alama ya wino wa bluu, nono, mistari yake inahesabika, na pembeni pameandikwa: dole gumba la kulia.

Dole gumba la kulia la Mtoro lilichukuliwa na mkanda wa mashine ya mpunga miaka kumi na moja iliyopita. Lilitoka upande wa pumba na halikupatikana, na Batuli mwenyewe ndiye aliyewapikia uji wanaume waliolitafuta. Tangu hapo Mtoro alishika kalamu kati ya vidole viwili vya katikati na kuandika jina lake lote, herufi moja moja, kwa kiburi. Miaka hiyo yote Mikdad alikuwa Chalinze. Alikuja Msigini mara nne, na mara zote nne alimpa kaka yake mkono huku anatazama simu.

"Shemeji," Batuli akasema, "hili dole la nani?"

"La marehemu."

"La mkono upi?"

"Si imeandikwa hapo. Wa kulia."

Batuli akatazama nje kwa dirisha la nyuma. Kivuli kilikuwa ukutani, mikono imening'inia. Mikdad alikuwa amekaa akikipa mgongo, na hakugeuka.

"Mie si mkatili," Mikdad akasema akisimama. "Eda yako nakuachia. Ukiimaliza, uwe umepata pa kwenda."

Jioni ile Batuli alimfungua tetea kamba akamrudisha bandani. Alifikiri hivi. Cheti cha hospitali kililiwa na mchwa. Picha zote alizopigwa Mtoro, mkono aliuficha ndani ya kanzu, maana alikuwa na haya nao. Mwili uko ardhini. Kitu pekee juu ya ardhi kilichobaki na vidole vinne kilikuwa kile kivuli, na kikikombolewa kitakwenda zake. Alitaka mumewe apumzike. Alitaka pia shamba alilolipalilia miaka ishirini na sita. "Nisimamie hili moja, Baba Ummy," akakiambia, "nami nitakupumzisha." Aliona aibu sana, kwa sababu alikuwa anamfanyisha kazi maiti.

Ummy alipokuja, hakuafiki.

"Mama, baba kachoka. Nimempita hapo shambani, mgongo haunyooki."

"Najua kachoka. Na mimi nikalale wapi? Kwako, kwenye chumba kimoja na masufuria?"

Tetea akaanza kuatamia, na Batuli akasema kuku anayeatamia hapelekwi kokote.

Kesi ikaenda kwenye baraza la ardhi la Msigini. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Gertruda, mstaafu, aliyefundisha nusu ya mji kusoma na kuwachapa nusu hiyohiyo. Wajumbe walikuwa watatu, mmoja wao Abdillah, mwenye mashine ya mpunga. Kwa kuwa mlalamikaji yuko edani na shahidi wake haondoki kiwanjani, baraza lilikubali kuja lenyewe. Mara ya kwanza kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Walikaa hadi saa sita, wakaandika kwamba shahidi hakutokea, wakaahirisha.

Katikati ya hapo Bwana Clever alifika Msigini kusalimia. Alikuwa mtu wa kucheka, mwepesi wa kuinamia wazee. Aliona jinsi njia ya kutoka barabara kuu hadi bandarini ilivyo, tope la kufika magotini wakati wa masika, pikipiki za mananasi zinaanguka, wajawazito wanabebwa kwa kitanda cha kamba. Akasema kazi yake ikianza, ataimwagia kifusi njia yote. Hakumpa mtu yeyote kitu chochote mkononi. Alisema hayo tu, akanunua mananasi, akaondoka. Na njia ile, tusidanganyane, ilikuwa imeshaua watu.

Mara ya pili jua liliwaka. Watu walijaa uani mpaka kwenye minazi. Batuli alikaa ndani, pazia limeachwa wazi kidogo, Ummy karibu yake. Mikdad alisimama na miwani ya jua. Kivuli kilikuwa ukutani tangu saa moja, kimesimama wima kuliko siku nyingine.

"Shahidi anyooshe mkono wa kulia," Mwalimu Gertruda akasema.

Kivuli kikainua mkono. Vidole vinne. Karani akaandika: mkono umeinuliwa, vidole vinne.

"Naomba kuuliza," Mikdad akasema. "Huo ni wa kulia au wa kushoto?"

Mwalimu Gertruda akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akakitazama kivuli muda mrefu. Kivuli hakina mbele wala nyuma. Kama kilikuwa kimewapa uso, mkono ule ulikuwa wa kushoto. Kama kilikuwa kimewapa mgongo, ulikuwa wa kulia. Akakiomba kigeuke. Kikageuka, na hakuna kilichobadilika. Akakiomba kiinue yote miwili. Kikainua, mmoja vitano, mmoja vinne, kikabaki hivyo.

"Marehemu alikuwa na dole gumba moja, hilo halina ubishi," mwenyekiti akasema. "Karatasi inasema ni la kulia. Mlalamikaji anasema la kulia ndilo lililokatika. Nyie mliomfahamu, mtuambie. Upi?"

Pale uani palikuwa na watu wasiopungua sitini. Hakuna hata mmoja ambaye Mtoro hakuwahi kumpa mkono. Walimpa mkono msikitini, gulioni, kwenye mitumbwi, kwenye harusi za watoto wao, na kila mara walikuwa wameusikia ule upungufu kwenye kiganja, pale ambapo dole la mtu hukukamata. Mwanadamu hatoi salamu kwa mkono wa kushoto. Walitazama chini. Mwenye mtumbwi akasema yeye huwa hatazami mikono ya watu. Muuza samaki akasema ni zamani. Mmoja akakohoa.

"Abdillah," mwenyekiti akasema, "mashine ni yako."

"Mkono ulikatika dole, kweli," Abdillah akasema. "Upi, sikumbuki vizuri. Siku ile palikuwa na vumbi la pumba."

Batuli hakujizuia, akasema kutoka nyuma ya pazia: "Abdillah, ulimfunga kwa shuka lako mwenyewe. Nililifua mimi, nikalirudisha."

"Nilimfunga, shemeji. Shuka nilirudishiwa. Ila upi, sikumbuki."

Alisema akilia. Batuli aliyaona machozi yake, na hayo yalimchoma kuliko uwongo wenyewe, kwa kuwa yalimwonyesha kwamba anakumbuka.

Kulwa akapenya mbele, mikono myeusi kwa grisi. "Wa kulia," akasema. "Andika hapo. Wa kulia, wa kulia, wa kulia."

Karani akamwuliza, je, ni kweli siku ya maziko alitangaza mbele ya watu kwamba marehemu alikuwa mtumwa wake? Kulwa akasema ni kweli. Je, amewahi kusema gulioni kwamba marehemu ni mwizi wa kuku, kwamba alizaliwa na mkia, na kwamba alimuoa mkewe kwa gunia la chumvi? Amesema, na mengine zaidi. Je, hayo ni kweli?

"Ni utani," Kulwa akasema.

"Basi na hili tutajuaje?"

Kulwa akapangusa grisi mikononi. Miaka arobaini alikuwa hajasema neno moja la kweli juu ya Mtoro, kwa sababu alimpenda, na siku alipolihitaji neno hilo halikuwa na pa kusimama. Kivuli kikashusha mikono yote miwili. Karani akaandika saa.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki. Karatasi ina alama, ina tarehe, ina mashahidi wawili wa Chalinze. Kivuli kimepokelewa kwa heshima, ila ushahidi wake una kasoro ya upande. Kiwanja ni cha Bwana Clever. Mjane amalize eda yake kwa amani.

Akaimaliza. Siku ya mwisho alioga, akabadili nguo, akafunga vyombo vyake kwenye mashuka mawili. Vifaranga vya yule tetea vilikuwa vimeshakua. Batuli akamkamata mama yao, akamfunga miguu, akatoka uani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, akashika njia ya bandarini. Shamba limekwenda, sawa. Mume wake angalau atampumzisha leo hii. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno atakayosema kaburini, na msamaha atakaouomba.

Kwenye kibanda cha Kulwa palikuwa na mbuzi amefungwa, beberu mkubwa, anatafuna karatasi. Kulwa alimwona Batuli na kuku wake, akaweka chini pampu.

"Usiniambie," Batuli akasema.

"Alikuja jana. Kaja na huyu mbuzi. Kasema amekuja kukomboa kivuli cha kaka yake."

"Ukampa."

"Ningefanyaje, shemeji?" Hakumwita mke wangu. "Mwenye msiba akija na chake mkononi, mtani hakatai. Nikikataa huo si utani tena, ni uadui. Na yeye ndiye ndugu. Wewe mke."

"Kakipeleka kaburini?"

Kulwa akamtazama mbuzi. "Kakiacha palepale kilipo."

Batuli akakaa juu ya gurudumu. Aliona wazi kwamba miezi minne yote ile kuku mmoja mwenye jicho moja alikuwa anatosha, na kwamba yeye ndiye aliyemrudisha kuku bandani. Hakumlaumu Kulwa. Alilia hapo kibandani mpaka akatosheka, Kulwa akiwa amesimama kando bila neno la kuchekesha. Yule mbuzi Kulwa hakumchinja. Yuko pale mpaka leo, anakula majani ya kununuliwa, amenenepa hata hawezi kukimbia.

Sababu ya Mikdad ilijulikana siku zilezile. Bwana Clever alikuwa amegundua kwamba wezi hawasogelei saruji aliyoanza kuishusha kwenye kiwanja chenye kivuli. Tena mchumba wa mpwa wake alipiga picha ukutani pale, amesimama kando ya kivuli, na picha ikapendeza mno. Akamwambia Mikdad angependa kibaki. Lakini kivuli kilikuwa mkononi mwa mtani, na mtani angeweza kukiachia wakati wowote kwa kuku. Mikdad akasema hilo dogo. Akishakikomboa ni cha ukoo, ukoo ni yeye, na karatasi imesema: na vyote vilivyomo.

Batuli alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Gertruda. Alimkuta anamwagilia mchicha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Batuli. Pole."

"Mwalimu, nimekuja kuuliza. Mlisema kivuli hakitoshi kuwa mume wangu. Sasa kinatoshaje kuwa mali ya mtu?"

Mwalimu Gertruda aliweka ndoo chini. Alikuwa mtu wa haki, mji mzima ulisema hivyo, naye alikuwa ameizoea sifa hiyo.

"Kama shahidi kilikuwa na kasoro," akasema. "Kama mali, hakina kasoro yoyote. Hakihitaji kulia wala kushoto." Akainama tena kwenye mchicha wake, akamwagilia tuta lililokwisha kulowa.

Batuli anaishi Kerege sasa, kwenye chumba kimoja na masufuria. Asubuhi anapika vitumbua, Ummy anauza. Alhamisi anakwenda Msigini gulioni. Njia imemwagiwa kifusi kizuri, kimeshindiliwa, pikipiki zinakimbia bila kuyumba, mpaka kwenye geti la bustani ya Bwana Clever. Kutoka getini hadi bandarini ni tope kama zamani, na masika yaliyopita mwanamke mmoja alijifungulia humo. Abdillah huwa anasimama mlangoni pa mashine yake akitazama mahali kifusi kinapoishia.

Nyumba imebomolewa. Majaruba yamefukiwa, pameoteshwa nyasi za mapambo. Kitu kilichoachwa ni ukuta wa jiko, umepakwa rangi nyeupe, na mbele yake maharusi hupanga foleni. Kivuli kinasimama katikati yao, bega moja limeshuka. Wapiga picha hukiomba kiinue mkono, nacho huinua. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, kinainama juu ya nyasi na kuzipalilia, nazo zinanyauka kila kinapopita, na mtunza bustani amelalamika mara mbili.

Alhamisi moja Batuli alimaliza shughuli zake mapema, akasimama kando ya njia, nje ya uzio wa waya. Ilikuwa saa kumi na nusu, jua liko mgongoni mwake. Kivuli chake mwenyewe kililala mbele yake juu ya kifusi, kikapita chini ya waya, kikavuka nyasi, kikapanda ukuta mweupe. Hakuwa amekusudia. Kile cha Mtoro kilikuwa kimemaliza kazi na bibi harusi mmoja wa Kibaha. Kikasogea, na vidole vinne vikashika kiganja cha kivuli chake. Batuli aliusikia ule upungufu mkononi mwake, pale dole linapotakiwa kuwa.

"Mkono wa kulia," akasema, ingawa hapakuwa na wa kumwandikia.

Mlinzi akaja. Aliitwa Medard, kijana wa bara, mpole, buti zake kubwa kuliko miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, samahani sana. Kivuli chako kimeingia ndani."

Batuli akatazama. "Kimeingia, kweli."

"Mimi kwangu sina neno. Ila tajiri yupo leo."

"Usijali, baba. Usije ukakosa kazi kwa ajili yangu."

Batuli akarudi nyuma hatua moja, kivuli chake kikashuka ukutani. Akarudi nyingine, kikatoka kwenye nyasi hadi kwenye waya. Medard akamshukuru. Lakini jua halikusimama. Lilizidi kuinama na kivuli kilizidi kurefuka, kikapenya tena chini ya waya, na Batuli akarudi tena, na tena, huku anakitazama kile cha ukutani, ambacho kilikuwa bado kimenyoosha mkono. Pikipiki ya kumrudisha ilipofika, ilimkuta ng'ambo ya njia, amesimama katikati ya mihogo ya watu asiowajua, ameshika viatu vyake mkononi.